Chuo Kikuu Kikibisha Hodi: Utafiti wa Afya ya Watoto na Mazingira



Ukikaa Richardson muda wa kutosha, iko siku karatasi ya chuo kikuu itakufikia. Inaweza kuja ndani ya begi la mtoto kutoka shuleni, ukaipewa kliniki, au ukaikuta imebandikwa kwenye chumba cha kufulia cha apatimenti zenu. Itasema watafiti wanatafuta familia zenye watoto wadogo, wanataka kujua juu ya hewa, maji, rangi ya ukutani au pumu, na kwamba utapewa kadi ya dukani kama shukrani. Chini kabisa kutakuwa na majina ya vyuo viwili, vitatu au zaidi, pamoja na jina na namba ya simu ya mtu anayeitwa mratibu.

Wengine huitupa karatasi hiyo palepale. Wengine husaini bila kusoma, kwa sababu ina nembo, na kule kambini tulikotoka karatasi yenye nembo haikataliwi. Tunaandika kwa ajili ya wote. Ni vizuri ujue kituo cha utafiti cha vyuo vingi ni kitu gani, na kwa nini huyo mratibu ambaye jina lake limeandikwa kwa herufi ndogo ndiye mtu wa kwanza wa kumpigia kabla hujasema ndiyo au hapana.

Usichanganye utafiti na matibabu

Mlipofika Marekani mlipelekwa kwenye uchunguzi wa afya wa wakimbizi. Watoto walitolewa damu, na moja ya vitu vilivyotafutwa ni madini ya risasi, yale ambayo waliosoma Kifaransa huyaita plombu. Huo haukuwa utafiti. Ni huduma ya mtoto wako, na usiikose. CDC, shirika la serikali la kudhibiti magonjwa, linashauri kila mtoto mkimbizi wa miezi 6 hadi miaka 16 apimwe risasi anapofika, na wale wa miaka 6 kushuka chini wapimwe tena miezi 3 hadi 6 baadaye, hata kama kipimo cha kwanza kilikuwa kizuri.

Wazazi wengi huuliza kwa nini mtoto atobolewe mara mbili. Jibu limetoka jimbo la New Hampshire. Mwaka 2000 mtoto wa kike wa miaka miwili, wa familia ya Kisudani, alikufa huko kwa sumu ya risasi wiki chache tu baada ya kufika Marekani. Nyumba waliyopewa ilikuwa ya zamani, na rangi yake ilikuwa na risasi. Miaka michache baadaye wakaguzi wa afya wa jimbo hilohilo walirudia kuwapima watoto wakimbizi kutoka Afrika. Waligundua kwamba wapo waliofika na damu safi, kisha miezi michache baadaye risasi ikawa imepanda. Sumu hawakuja nayo. Waliikuta hapa, kwenye rangi za nyumba zilizojengwa kabla ya mwaka 1978, mwaka ambao Marekani ilipiga marufuku rangi ya risasi majumbani. Na mtoto aliyepungukiwa chuma mwilini kwa sababu ya lishe duni hufyonza risasi haraka zaidi.

Vipo pia vyetu wenyewe. Wanja wa kupaka watoto machoni mara nyingi hutengenezwa kwa madini yenye risasi. Udongo wa kula, ule ambao wajawazito wengi wanaupenda, si salama pia: mwaka 2009 idara ya afya ya Texas ilitoa onyo kuhusu udongo wa Afrika Magharibi unaoitwa nzu, baada ya kukuta ndani yake risasi na aseniki nyingi. Na sufuria za alumini zinazofuliwa mtaani kutokana na vyuma chakavu zimepimwa na watafiti kutoka nchi kadhaa, Kenya na Tanzania zikiwemo, na nyingi zikaonekana kutoa risasi kwenye chakula. Kama umebeba sufuria ya namna hiyo kutoka nyumbani, mwambie daktari. Hatakucheka.

Kwa nini chuo kimoja hakitoshi

Mambo haya yote yalijulikana kwa sababu mtu alikusanya damu, vumbi na majibu ya kina mama, akayaweka pamoja. Kuyaweka pamoja ndiko kugumu. Mtoto wa Richardson anavuta hewa ya barabara kuu iliyo karibu na apatimenti, anakunywa maji ya bomba, anacheza juu ya zulia ambalo wapangaji kumi kabla yenu walilikanyaga, na anakula chakula chako. Akianza kukohoa usiku, nani ajue kimetoka wapi?

Angalia hapa tulipo. Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Richardson, kile ambacho watu hukiita UT Dallas, kina wataalamu wa vifaa na hesabu. Profesa David Lary na wanafunzi wake wametengeneza vifaa vidogo vya kupima vumbi laini hewani, na kwa kushirikiana na kikundi cha wananchi kiitwacho Downwinders at Risk wamejenga mtandao wa SharedAirDFW, unaoonyesha hali ya hewa mtaa kwa mtaa. Vifaa vingine vimewekwa Joppa, mtaa wa kusini mwa Dallas uliobanwa na viwanda. Lakini UT Dallas haina shule ya udaktari. Madaktari wa watoto wako UT Southwestern, mjini Dallas. Wataalamu wa afya ya jamii wa UTHealth wana makao yao Houston. Mwenye kifaa cha kupima hewa hajui mapafu, na mwenye kujua mapafu hana kifaa. Hao wote wakitaka kujibu swali moja kuhusu kifua cha mtoto mmoja, lazima awepo mtu wa kuwafunga pamoja.

Eneo letu lina sababu zake za kuuliza. Dallas Magharibi palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha risasi kilichofanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1984, na serikali ililazimika kuondoa udongo wa nyua za watu miaka ya 1980, kisha tena miaka ya 1990. Frisco, kaskazini mwa Richardson, kiwanda cha betri kuukuu kilifungwa mwaka 2012. Houston nako, utafiti uliotolewa mwaka 2007 na shule ya afya ya jamii ya Chuo Kikuu cha Texas uliona kwamba watoto walioishi ndani ya maili 2 kutoka mfereji wa meli wenye viwanda vya mafuta walikuwa na hatari ya aina moja ya saratani ya damu iliyozidi kwa asilimia 56 ile ya watoto walioishi zaidi ya maili 10. Hiyo haina maana kwamba kila mtoto wa huko ataugua; ugonjwa wenyewe ni nadra. Ina maana swali ni la kweli na linahitaji watu wengi kulijibu.

Serikali ya Marekani ililikubali jambo hili rasmi mwaka 1997, rais alipoagiza idara zake zitazame hatari za mazingira kwa watoto peke yao. Sababu ni rahisi: kwa kila kilo ya uzito wake, mtoto hula, hunywa na huvuta hewa kuliko mtu mzima, na ubongo wake bado unajengwa. Mwaka uliofuata, shirika la mazingira EPA na taasisi ya afya ya mazingira NIEHS zilianza kulipia vituo vya utafiti wa watoto katika vyuo vikuu, na kwa miaka ishirini hivi vilifadhiliwa vituo 24. Kimoja kilikuwa California, bonde la Salinas, ambako Chuo Kikuu cha Berkeley kiliwaandikisha wajawazito wapatao 600, wengi wao vibarua wa mashamba kutoka Mexico, wakahojiwa kwa Kihispania, lugha yao. Kingine, New York, kiliwavisha wajawazito mikoba yenye vipima hewa kwa siku mbili. Kutokana na akina mama hao, dunia ilijifunza kwamba dawa fulani za wadudu hugusa akili ya mtoto aliye tumboni. Hao hawakuwa matajiri wala wasomi. Walikuwa wageni na watu wa kipato kidogo, kama wengi wetu.

Mwaka 2019 EPA ilitangaza kwamba haitaendelea kuvilipia. Fedha za utafiti huja na kuondoka, na ukiulizwa kujiunga una haki ya kuuliza za huu zitaisha lini.

Kazi ya mratibu

Fikiria upatu wa watu thelathini wanaoishi miji mitatu. Bila mtu mmoja mwenye daftari, haufiki mzunguko wa pili. Mratibu wa kituo cha utafiti ndiye mwenye daftari, ila daftari lake ni kubwa.

Anahakikisha kwamba damu iliyotolewa Dallas na ile ya Houston zimewekwa kwenye chupa za aina moja, zikaandikwa namba badala ya jina, zikagandishwa kwa baridi ileile. Friza ikizimika usiku mmoja, miaka mitano ya kazi inaweza kumwagwa kwenye sinki. Anahakikisha mizani ya kupimia watoto inasema kweli kila mahali, na kwamba mzazi wa Fort Worth ameulizwa swali lilelile aliloulizwa wa Richardson, kwa maneno yaleyale.

Hapo kwenye maneno ndipo sisi tunapoingia. Kiingereza kina neno moja la sauti ya kifua cha mwenye pumu. Sisi tunasema kifua kinabana, kinapiga filimbi, kinakoroma, mtoto anahema. Mtu wa Bukavu, wa Kigoma na wa Mombasa hawatachagua neno moja. Mkalimani akiuliza kama mtoto “anakoroma”, mama atasema ndiyo, akidhani anaulizwa juu ya usingizi, na kompyuta itaandika pumu. Mratibu mzuri humpa mtu mmoja fomu aitafsiri kwenda Kiswahili, kisha humpa mwingine asiyeiona ya kwanza airudishe Kiingereza, ili aone kilichopotea njiani. Ukisomewa fomu ya Kiswahili usiielewe, tatizo haliko kwako. Sema. Unawaokolea kazi.

Jambo la pili ni tarehe za kuzaliwa. Tunajua sote ni watoto wangapi kambini waliandikiwa 1 Januari kwa sababu hakukuwa na cheti. Kwa utafiti unaopima ukuaji wa mtoto kwa mwezi, tarehe hiyo ni shimo: mtoto aliyezaliwa Oktoba anaonekana ana miezi tisa zaidi, halafu anahesabiwa kuwa mfupi na mzito wa kusema. Usibadilishe hati zako kwa ajili ya utafiti, wala hakuna atakayekutaka ubadilishe. Lakini waweza kumwambia mratibu, “Hati inasema Januari, mimi najua alizaliwa mvua za vuli zilipoanza.” Ataandika pembeni, na hesabu itakuwa na haki zaidi.

Uratibu ukishindwa, hata fedha nyingi haziokoi. Mwaka 2000 bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoanzisha utafiti mkubwa kuliko yote, wa kufuatilia watoto 100,000 tangu tumboni hadi miaka 21, katika maeneo 105 ya nchi. Ulitumia zaidi ya dola bilioni moja. Desemba 2014 ulifungwa ukiwa umeandikisha watoto wapatao 5,000 tu wa majaribio. Wataalamu walioukagua walilalamikia mpango wake na uongozi wake. Kilichofuata mwaka 2016 kiliitwa ECHO, na hakikuanza upya. Kilichukua tafiti nyingi zilizokuwa tayari na familia zao, zaidi ya watoto 50,000, kikazifunga pamoja kwa utaratibu mmoja: Chuo Kikuu cha Duke kinaratibu, Johns Hopkins kinashika takwimu. Kwa maoni yetu hilo ndilo lililokosekana mara ya kwanza, kuanza na watu waliokwisha kuaminiana.

Linganisha na Mombasa. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwamwagia wakazi risasi kwa miaka kadhaa. Hakikuja kituo cha utafiti. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aliona mtoto wake mchanga anaugua, vipimo vikaonyesha risasi, naye akaanza kuwapeleka watoto wengine wa mtaa wapimwe. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, rufaa ikaivuruga, na Mahakama ya Juu ya Kenya ikairudisha Desemba 2024. Mama mmoja alifanya kazi ya mtafiti, mratibu na wakili kwa pamoja, na ilimgharimu miaka mingi.

Haki zako kabla ya kusaini

Sio kila utafiti ulioheshimika umewaheshimu watoto. Miaka ya 1990 huko Baltimore, Taasisi ya Kennedy Krieger ilisimamia utafiti ambamo familia zenye watoto wadogo ziliishi katika nyumba zilizosafishwa rangi ya risasi kwa viwango tofauti vya gharama, na damu ya watoto ikapimwa ili kuona kiwango kipi kinatosha. Watafiti walisema nia yao ni kupata njia nafuu ya kukinga watoto wengi. Familia mbili zilishtaki, zikisema hazikuambiwa wazi na mapema. Agosti 2001 mahakama ya juu ya jimbo la Maryland iliruhusu kesi zao ziendelee, na ikaukemea utafiti huo kwa maneno makali.

Kwa hiyo muulize mratibu hivi: mkikuta kitu kibaya kwenye damu ya mwanangu au kwenye nyumba yangu, nitaambiwa baada ya siku ngapi, na nani? Kwa risasi, CDC imeweka kipimo cha kushtukia kuwa mikrogramu 3.5 kwa desilita moja ya damu tangu mwaka 2021. Kama mratibu hana jibu la swali hili, usisaini siku hiyo.

Kila utafiti wa watu hukaguliwa na kamati ya maadili. Zamani kila chuo kilikuwa na ya kwake na majibu yalipingana. Siku hizi utafiti wa vyuo vingi unaolipwa na serikali kuu hutumia kamati moja, na namba yake ya simu iko kwenye fomu ya ridhaa. Unaweza kuipigia bila kumwambia mtafiti. Fomu hiyo lazima uielezwe kwa lugha unayoifahamu. Usikubali mtoto wako awe mkalimani wa fomu inayomhusu mwenyewe. Mtoto anayeelewa naye huulizwa, na akikataa kuchomwa sindano ya utafiti, kukataa kwake kuna uzito.

Kukataa hakukuondolei Medicaid, wala stempu za chakula, wala hakugusi kesi yako ya uhamiaji. Ukishaingia unaweza kutoka siku yoyote, bila kueleza sababu.

Na siri? Tangu Oktoba 2017, utafiti unaolipiwa na NIH na wenye habari za kumtambulisha mtu hulindwa na hati ya usiri, inayowazuia watafiti kutoa jina lako hata mahakamani au kwa polisi bila ridhaa yako. Mwenye nyumba yako haambiwi. Kuna mambo ambayo sheria hutaka yatolewe taarifa: mtoto anayetendewa ukatili, magonjwa fulani ya kuambukiza, na hapa Texas, majibu ya vipimo vya risasi vya watoto hupelekwa idara ya afya ya jimbo. Idara hiyo haihusiki na uhamiaji. Muulize mratibu kama utafiti wake una hati hiyo, maana si kila utafiti unalipiwa na NIH.

Jambo la mwisho ni kuhama. Familia zetu huhama: kazi imepatikana Amarillo, ndugu yuko Iowa, kodi imepanda. Kwa mratibu, mtoto aliyehama bila namba ya simu ni ukurasa uliochanwa katikati ya kitabu. Ukiamua kubaki kwenye utafiti, mpe namba ya ndugu mmoja asiyebadilisha simu. Ukiamua kutoka, mwambie pia, na umuulize damu iliyobaki kwenye friza itafanywa nini. Una haki ya kutaka isitumike tena. Mtoto akifika miaka 18, ruhusa yako inakoma. Watamtafuta yeye mwenyewe, na atakuwa huru kujibu anavyotaka.